Panya ni Yupi? Juu ya Istilahi za Kanzidata za Jenomu

Katika mazungumzo na walimu wa baiolojia wa Kibaha na Kisarawe, mwandishi wa makala hii aliulizwa swali ambalo kwanza aliliona dogo: kitabu kisemapo dawa imejaribiwa kwa panya, ni panya yupi? Mkulima hana shida hiyo. Yeye humtenga buku na panya wa darini, na ndezi kwake ni kitoweo. Shida ni yetu wafasiri, tunaotumia neno moja kwa wanyama wawili ambao wanasayansi hawawachanganyi.

Wa kwanza ni Rattus norvegicus, mwenye kromosomu 42. Wa pili, mdogo zaidi, ni Mus musculus, mwenye kromosomu 40. Jenomu, yaani jumla ya maagizo ya urithi yaliyomo katika seli, ya huyu mdogo ilichapishwa mwaka 2002, na ya mwenziwe mwaka 2004. Kila mmoja ana kanzidata yake nchini Marekani: ya mkubwa ilianzishwa mwaka 1999 katika chuo cha tiba cha Wisconsin, na ya mdogo imo katika Maabara ya Jackson, jimbo la Maine. Humo mtafiti wa nchi yoyote hutazama bila malipo jeni na nasaba za wanyama hao, kama ile nasaba ya panya wenye shinikizo la damu iliyokuzwa Kyoto mwaka 1963. Mfasiri akiandika "kanzidata ya jenomu ya panya" kisha akanyamaza, msomaji aweza kufungua hazina isiyo yake na kusoma jeni za mnyama mwingine.

Nao panya wa Morogoro, wanaofunzwa na shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, si yeyote kati ya hao wawili. Hao ni buku. Magawa, aliyetunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikuwa buku.

Napendekeza panya abaki kuwa Rattus, kipanya awe Mus, na buku aitwe buku. Yuko atakayesema kuwa kipanya ni panya mchanga, au kwamba mitaani ni basi dogo. Hoja ya basi haitusumbui. Ya kwanza ina uzito, lakini huyo mchanga twaweza kumwita mtoto wa panya. "Panya mdogo" nimelikataa, kwani halionyeshi kama udogo ni wa aina au wa umri. Hadi hapo istilahi hizi zitakaposanifiwa, mfasiri na aandike jina la kisayansi pale mnyama anapotajwa kwa mara ya kwanza, hata katika karatasi ya mtihani.