Jipe ya zamani: mafuta gani mu moteri, mafuta gani mu freni?

Mutu akinunua jipe ya zamani hapa Butembo ao Beni, anauliza kwanza bei ya vipuri. Mafuta anayaweka nyuma. Anaingia ku duka, anasema «nipe mafuta ya gari», anapewa bidoni yenye iko karibu. Kwa Land Cruiser kama BJ40, yenye ilianza kutengenezwa 1974, njo mwanzo wa matatizo, sababu ndani yake mafuta si ya aina moja.

Tuanze na moteri. Ku bidoni kunaandikwa namba mbili, mufano 15W-40. Ya kwanza, yenye iko na W, inaonyesha namna mafuta yanatembea moteri ikiwa baridi. Ya pili inaonyesha uzito wake ikisha kupata moto, wanaupima ku digri 100. Mafuta mepesi sana, kama 0W-20 ya gari za sasa, hayafae moteri ya zamani: nafasi kati ya vyuma zimeshapanuka, mafuta yanapita mbio na presha inashuka. Moteri ya mazutu inapenda 15W-40 yenye alama ya C, kama vile CF-4. Alama ya S ni ya esanse. Moteri yenye imechoka unaweza kuipa 20W-50, lakini usifikiri mafuta mazito yanaponyesha. Kama inakula mafuta kila juma, inaomba fundi, haiombe bidoni ingine.

Ku bwati ya vitesi, wengi wanaweka 80W-90 bila kuangalia kama ni GL-4 ao GL-5. GL-5 ni ya ponti, kwenye meno yanasuguana kwa nguvu. Mu bwati nyingi za zamani kuko vipete vya shaba, na dawa ya salfa ya GL-5 inaweza kuvikula pole pole. Huko weka GL-4.

Sasa freni, na hapa hakuna muchezo. Kutoka Butembo mupaka Beni ni kilometa 54 hivi, na Beni iko chini sana kuliko Butembo. Mafuta ya freni, DOT 3 ao DOT 4, yanavuta maji, ata yale ya mu hewa. DOT 3 mupya inachemka kuanzia digri 205. Ikishakunywa maji, inaweza kuchemka ku 140 tu. Ukishuka mulima murefu na muguu juu ya freni, inachemka, inaleta mvuke, na pedale inaenda mupaka chini bila kukamata kitu. Kwa hiyo badilisha kila miaka 2, na bidoni yenye ilifunguliwa tangu zamani usiitumie. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ya silikoni, hapana.

Nimeshaona shofere anamwanga mafuta ya moteri mu freni «ili tufike tu». Yale yanavimbisha mipira yote ya ndani. Anaweza kufika leo, lakini kesho atabadilisha kila kitu, kama hajaingia mu shimo.

Radiatere haiombe mengi: maji safi na dawa yake, si maji ya muto yenye kuleta kutu. Kwa urefu wa Butembo, maji matupu yanachemka karibu digri 94, mbele ya 100.

Ku duka, angalia kifuniko. Pete ya chini ikiwa imekatika, acha ile bidoni: pengine imejazwa mara ya pili.