Mwenye duka akitaka kupumzika

Katika miji na vijiji vyetu kuna maduka mengi madogo. Mengine ni chumba kimoja mbele ya nyumba, mengine ni meza tu kando ya njia. Humo watu hununua chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya mawese, kiberiti na mishumaa. Maduka hayo hulisha jamaa nyingi, tena hulipa masomo ya watoto wengi.

Lakini mwenye duka ni mtu, si mashini. Naye huchoka, naye ana wazazi wanaotaka kumwona. Akifunga mlango siku nyingi, wanunuzi watazoea kwenda kwingine. Akimwachia mtu duka pasipo kulitengeneza, pengine atarudi na kukuta feza imepungua na ndugu wanagombana. Basi afanye nini?

Tutwae mfano. Mama mmoja wa Bukavu anataka kula Noeli kwa wazazi wake huko Idjwi, kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu. Atakaa siku 10. Binti wa dada yake atauza dukani. Yafaa mama atengeneze mambo gani?

Kwanza, ahesabu vitu vyote. Yeye na binti wahesabu pamoja, mmoja akitaja na mwingine akiandika: sabuni 40, sukari kilo 25, na vingine vyote vivyo hivyo. Bei iandikwe kando ya kila kitu. Kisha wote wawili watie sahihi.

Pengine binti atauliza: « Mama mdogo, unaogopa nitaiba? » Mama amjibu: « Sivyo, mwanangu. Ninahesabu kusudi mtu asipate kusema uliiba. » Jibu hili ni la kweli. Pasipo hesabu, mwizi anaweza kujificha, na mtu mwaminifu hana njia ya kujitetea.

Pili, atengeneze madeni. Aandike majina ya wanunuzi wenye deni na kiasi cha kila mmoja. Yeye mwenyewe awalipe wale wanaomletea vitu, wasije kumdai binti. Tena awaambie wanunuzi mapema: « Siku nisizokuwapo, hakuna kukopa. » Ni vigumu kwa kijana kumkatalia jirani mzee. Lakini neno likiisha kusemwa na mwenye duka, binti hataona haya.

Tatu, aangalie vitu vinavyoharibika. Siku za mwisho asinunue nyanya wala mikate mingi. Mwezi wa Desemba ni wakati wa mvua huko Bukavu, na chumvi na sukari hunyonya maji ya hewani. Basi magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na vifuniko vifungwe vizuri. Vitu vya zamani viwekwe mbele vipate kuuzwa kwanza, na vipya viwekwe nyuma.

Nne, aandike yale anayoyajua kichwani. Mwenye duka anajua mambo mengi ambayo hakuna mwingine anayeyajua: nani huleta sabuni, ufunguo wa pili uko wapi, jirani gani ataweza kusaidia mvua ikivujia ndani. Yote yaandikwe katika karatasi moja. Asitumaini simu peke yake, maana simu huzimika na mtandao hukatika.

Tano, aache feza kidogo ya kurudishia wanunuzi, na kiasi chake kiandikwe. Kila jioni binti ahesabu feza na kuandika. Akitoa feza kwa kazi ya duka, aiandike siku ile ile, hata ikiwa kidogo.

Sita, wajaribu. Siku moja kabla ya safari, binti auze peke yake tangu asubuhi hata jioni, na mama akae nyumbani. Lile binti asilolijua litaonekana siku hiyo, wakati mama yu karibu bado.

Sasa mama amerudi. Wanahesabu tena pamoja. Alikuwa ameacha sabuni 40, zimebaki 12: basi zimeuzwa 28. Kila sabuni ni franka 1.000, ndiyo franka 28.000. Sukari ilikuwa kilo 25, zimebaki 10: zimeuzwa 15. Kila kilo ni franka 3.000, ndiyo franka 45.000. Tuseme vitu vingine havikuuzwa. Jumla ni franka 73.000. Tuongeze franka 20.000 za kurudishia wanunuzi: 93.000. Binti aliandika kwamba alimlipa mbebaji franka 3.000. Katika sanduku zapaswa kuwa franka 90.000. Zikiwa 90.000, binti hahitaji kuapa wala kulia. Karatasi inamshuhudia.

Desturi hii si ya leo. Mwaka 1494, Luca Pacioli, mtawa Mfransisko na mwalimu wa hesabu, alitoa kitabu kikubwa katika mji wa Venezia, Italia. Humo alieleza jinsi wafanya biashara wanavyoandika hesabu zao. Alifundisha kwamba mfanya biashara aanze kwa kuandika orodha ya mali yake yote. Zaidi ya miaka 500 imepita, na wafanya biashara wangali wakifanya hivyo.

Watoto, wengi wenu mmekwisha kuachiwa duka la mama au la baba. Msikasirike wakitaka kuhesabu mbele yenu. Ninyi wenyewe ombeni: « Tuhesabu kwanza. » Hapo mzazi atasafiri na moyo mweupe, nanyi mtabaki na jina jema.

Maulizo
1. Kwa nini mama na binti wanahesabu vitu pamoja?
2. Kwa nini mama mwenyewe awaambie wanunuzi habari ya madeni?
3. Magunia ya chumvi na sukari yawekwe namna gani wakati wa mvua?
4. Hesabu: Duka liliachwa na mishumaa 60; imebaki 24. Kila mmoja ni franka 500. Sandukuni mliachwa franka 10.000 za kurudishia wanunuzi. Hakuna kingine kilichouzwa. Sandukuni zapaswa kuwa franka ngapi?