Je, Wajua? Transista ya kwanza ilishikwa kwa kibanio cha karatasi

Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walibandika utepe wa dhahabu kwenye kabari ya plastiki, wakaupasua kwa wembe nchani, kisha wakaugandamiza juu ya kipande cha elementi ya gerimani. Springi yake? Kibanio cha karatasi kilichokunjwa! Umeme kidogo upande mmoja ukatawala umeme mwingi upande wa pili, na sauti ikakuzwa bila zile valvu za kioo zilizochemka kama pasi. Leo chipu ya simu hubeba mabilioni ya transista, za silikoni. Bardeen alishinda Nobel ya Fizikia mwaka 1956, akaishinda tena 1972. Hakuna mwingine aliyeipata mara mbili.