MOSHI WA SIGARA HUMDHURU NA ASIYEVUTA

Watu wengi hudhani ya kuwa madhara ya sigara humpata mvutaji peke yake. Husema, "Mwache, kifua ni chake." Nami nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipokuwa nyumbani Ujiji. Basi napenda kuwaeleza wasomaji niliyoyaona na niliyojifunza.

Baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Kama tujuavyo sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi wavuvi hukaa nyumbani. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 3, ana ugonjwa wa kifua. Mama aliona ya kuwa siku za mbalamwezi mtoto huzidi kukohoa. Majirani walisema ni baridi ya usiku. Tulipompeleka zahanati, mganga alimsikiliza kifua, kisha akauliza neno moja tu: "Nyumbani kuna mtu avutaye sigara?" Mama akanyamaza. Hapo ndipo nilipofahamu. Mwezi haukuwa na kosa. Siku hizo ndizo baba alizokuwa nyumbani usiku, akivuta sebuleni pamoja na rafiki zake, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Sababu yenyewe ni hii. Sigara hutoa moshi wa namna mbili. Wa kwanza ni ule anaouvuta mvutaji kisha akaupuliza. Wa pili hutoka moja kwa moja katika ncha inayowaka, wakati sigara imeshikwa vidoleni tu. Huu wa pili haukupita katika kichujio wala katika mapafu ya mtu, nao ndio mwingi zaidi chumbani. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na katika hizo zisizopungua 69 huleta kansa. Tena imo kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu ikashika nafasi ya oksijeni. Mtoto hupumua upesi kuliko mtu mzima, na mapafu yake hayajakomaa. Kwa hiyo moshi huo humzidishia pumu, nimonia na maradhi ya masikio. Mtu mzima naye aweza kupata ugonjwa wa moyo au kansa ya mapafu.

Mwaka 1981 mtaalamu wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya uchunguzi wa miaka 14 juu ya wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta. Aliona ya kuwa wake wa wanaume wavutao sana walikufa kwa kansa ya mapafu kuliko wake wa wanaume wasiovuta. Wengi walimpinga, lakini chunguzi zilizofuata zilimwunga mkono. Leo Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba moshi wa sigara za wengine huua watu zaidi ya milioni 1 kila mwaka.

Wako wasemao, "Fungua dirisha, moshi utatoka." Dirisha hupunguza, haliondoi. Hata sigara ikizimwa, sumu hubaki katika mapazia, mikeka na nguo. Wazee walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na hapa neno hilo ni kweli kabisa.

Nchi yetu ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, ambayo huzuia kuvuta sigara katika sehemu nyingi za watu wote. Lakini hakuna askari wa sebuleni. Huko kazi ni yetu wenyewe, nayo ni ngumu, maana mtoto hamkanyi baba yake.

Sikuthubutu kusema mbele ya rafiki zake. Nilimwendea bibi, mama yake baba, nikamweleza maneno ya mganga. Jioni bibi alimwita baba, akaniamuru niseme. Nilisema, "Shikamoo, baba. Sikuja kukukataza sigara. Naomba tu uvutie nje, mbali na mlango, kwa ajili ya mtoto." Baba aliitikia salamu, basi, hakuongeza neno. Kesho yake nilimwona akibeba kiti chake mpaka chini ya mwembe, na rafiki zake wakamfuata.

Baba hajaacha sigara, wala siwezi kusema kwamba mtoto amepona kabisa. Lakini mbalamwezi iliyofuata, kabla sijarudi shuleni, alilala usiku mzima, na mama naye akalala.

Wanafunzi wenzangu, mkirudi makwenu msiwahukumu wazazi. Waombeni kwa adabu, na mkishindwa mtafuteni bibi au mjomba awasemee. Na wale wavutao kwa siri nyuma ya bweni wakumbuke kwamba mwenzao wa kitanda cha pili hakuomba moshi huo. Nanyi wazazi wetu, tunachowaomba ni kutoa kiti nje tu.

Mwanafunzi, Kidato cha 4