Paja moja la kondoo, milo mitano: Tuigawe nyama kabla ya kuipika



Kila inapopita Idd el-Hajj, hali huwa ile ile katika nyumba zetu nyingi. Siku ya kwanza nyama imejaa sufuria mbili na kila mtu anakula mpaka anashindwa. Siku ya pili kinaliwa kiporo kilicholala jikoni. Siku ya tatu mtoto anaharisha. Siku ya nne mama anaulizwa, "Leo tuna mboga gani?", naye hana jibu, kwani fedha ya kitoweo imekwishatumika na nyama nayo imekwisha.

Katika safu hii leo tutaeleza namna familia ya watu sita inavyoweza kula paja moja la kondoo kwa milo mitano, bila mtu kuumwa tumbo. Siri yake ni moja: nyama igawanywe ikiwa mbichi, siku ile ile iliyoingia nyumbani. Ikishapikwa yote katika sufuria moja, huwezi tena kuipangia, wala huwezi kuihifadhi vizuri.

Kuhifadhi nyama si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kuwa mwaka mmoja Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kuweka nyama ya udh-hiya zaidi ya siku tatu, kwa sababu ya wahitaji waliokuwa wameingia Madina. Baadaye aliwaruhusu kula, kutoa sadaka na kuweka akiba. Basi akiba inaruhusiwa. Kinachobaki ni kujua namna ya kuiweka isije ikageuka sumu.

Kuigawa

Tuchukue paja la kilo mbili na nusu. Ukitoa mfupa, mishipa na mafuta ya juu, unaweza kubaki na nyama tupu ya kilo moja na gramu 800 hivi. Nawa mikono kwa sabuni, tumia kisu kikali na kibao safi, kisha igawe hivi:

1. Gramu 600, vipande vya kawaida, kwa pilau ya siku ya kwanza.
2. Mfupa pamoja na nyama iliyoushikilia, kwa supu ya siku ya pili. Mwambie muuza bucha aupasue. Tia viazi, karoti, ndizi mbichi na ndimu, na watu sita watakula wakashiba.
3. Gramu 400, vipande vidogo kama punje kubwa za mahindi, kwa kuunga maharage au kunde.
4. Gramu 400, isagwe au ikatwekatwe sana. Changanya na viazi vilivyopondwa, kitunguu na kotmiri, utapata kebabu za kutosha nyumba nzima.
5. Gramu 400, kwa mchuzi wa viazi au bilinganya, wa kulia ugali, wali au chapati.

Kila fungu liwe katika chombo chake chenye mfuniko. Pilau na supu ni za siku mbili za mwanzo. Mafungu matatu yaliyobaki yaingie kwenye friza mara moja, na kila moja litoke kwa siku yake. Likishayeyuka usilirudishe kuganda likiwa bichi. Liyeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza ya jikoni.

Mafuta ya kondoo ni mazito na huongeza lehemu mbaya katika damu. Yapunguze wakati wa kukata. Supu nayo ikipoa kwenye friji, mafuta huganda juu. Yaondoe kwa kijiko kabla ya kuipasha. Wenye shinikizo la damu na maradhi ya moyo walizingatie hili zaidi.

Je, nyama kidogo inatosha?

Wapo wanaoona kuwa maharage yenye vipande vichache vya nyama ni chakula cha dhiki. Kwa upande wa afya sivyo. Maharage na kunde yana protini na madini ya chuma, lakini chuma cha mimea hakifyonzwi kwa urahisi mwilini. Nyama hata ikiwa kidogo, ikiliwa pamoja nayo, huusaidia mwili kukifyonza. Ndimu, chungwa au pilipili hoho husaidia pia. Chai ya rangi au ya maziwa hupunguza faida hiyo, kwa hiyo ni bora inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Kwa mama mjamzito na watoto, ambao upungufu wa damu huwapata kwa urahisi, vipande vichache vya nyama ndani ya maharage mara kadhaa vina faida kuliko sahani moja kubwa ya nyama kwa siku moja.

Hatari ya kiporo

Vijidudu huzaliana haraka katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi. Katika hali inayovifaa, baadhi yake huongezeka maradufu kila dakika 20. Sufuria kubwa ya mchuzi iliyoachwa jikoni usiku hukaa katika joto hilo kwa saa nyingi. Wapo vijidudu ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Mchuzi unapopoa polepole huamka na kuanza kuongezeka. Wapo wengine wanaoacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha tena asubuhi. Wali na pilau pia huwa na hatari ya namna hii. Kwa hiyo, kusema "nimekichemsha tena" hakutoshi.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto kali kama la Dar es Salaam au Mombasa mchana, kisizidi saa moja. Kigawe katika vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe upesi, kisha kiweke kwenye friji. Kiliwe ndani ya siku tatu, na unapokipasha kichemke mpaka kitoe mapovu.

Nyama mbichi iwekwe chini ya vyakula vingine ndani ya friji, damu isije ikadondokea kachumbari au matunda. Kisu na kibao kilichokatia nyama kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatia kitu kingine. Umeme ukikatika usifungue friza ovyo. Iliyojaa na kufungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Friji ya kawaida huhifadhi kwa saa nne tu.

Asiye na friji

Ndugu zetu Wasomali wana nyirinyiri: nyama hukatwa vipande vidogo sana, hukaushwa, hukaangwa mpaka maji yote yakatoka, kisha huhifadhiwa ndani ya samli. Ni kazi inayohitaji ujuzi, hivyo ijifunze kwa anayeijua. Kwa wengi wetu njia nyepesi ni kumwomba jirani mwenye friza nafasi ya mafungu yako matatu, na kumwachia moja kama shukrani. Isipowezekana, pika unachoweza kumaliza siku hiyo na kilichobaki kitoe sadaka kikiwa bado kibichi na kizuri. Kumpa maskini nyama iliyoanza kunuka si sadaka.

Mtu akiharisha na kutapika baada ya kula, apewe maji yenye chumvi na sukari maalumu ya kuharisha. Akiwa ni mtoto mchanga, au kukiwa na damu katika choo, homa kali au mtu amelegea, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Tumalizie kwa mafundisho tunayoyajua sote: Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi aongeze maji yake, kisha awaangalie majirani. Supu ya mfupa wako wa siku ya pili inaweza kuongezwa bakuli moja la maji. Bakuli hilo ni la nyumba ya pili.