Shamba kwa dola kumi

Tukisoma tangazo, tutafute pia neno lililofichwa. Tutwae mfano wa Kanada. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mgeni shamba la hektari 65 hivi katika mbuga za magharibi kwa dola 10 tu. Masharti: akae pale miaka 3, ajenge nyumba, alime.

Lakini walikuja wachache. Basi tangu 1896 hata 1905 waziri Clifford Sifton alieneza vitabu vidogo na picha katika Ulaya na Marekani, kwa lugha nyingi: ngano imeiva, watoto wana afya. Neno «baridi» liliepukwa. Walisifu hewa yenye kuleta nguvu.

Watu maelfu na maelfu walikuja. Ngano iliota kweli. Lakini wengi walishindwa, wakaacha mashamba. Tena nchi ile ilionyeshwa kama tupu. Kumbe ilikuwa ya watu wa Cree na Blackfoot, waliokwisha kusukumwa katika maeneo madogo.

Mengi yaliyoandikwa yalikuwa kweli; udanganyifu ulikaa katika kunyamaza. Nasi tukialikwa kuhamia shamba la mbali, tuulize mambo mawili: majira yake ni namna gani, na nani aliishi pale mbele yetu?