Mukate na Benye: Maneno ya Waokaji wa Bukavu

Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu afikapo Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, haoni taabu kuomba mkate. Atasikia tu ukiitwa mukate, kwani Kiswahili cha Kongo hakidondoshi irabu ya kiambishi mu-: mutu, mukono, mukate. Ajabu ni kwamba mahali unapookwa huitwa bulanjeri. Utawala wa Wabelgiji, ambao hadi miaka ya 1950 uliuita mji huu Costermansville, uliacha jina la duka bali haukuweza kuling'oa jina la chakula chenyewe.

Utata huanza kwa vitamu. Kwa wasemaji wa Kilingala wa Kinshasa, mikate ni madonge ya unga wa ngano yaliyokaangwa katika mafuta. Bukavu mikate hutoka tanurini, na madonge hayo ni benye, kutokana na Kifaransa, au mandazi. Basi mgeni kutoka Kinshasa aagizaye mikate sokoni Kadutu aweza kupewa asichokitaka. Kamusi zetu, zilizofuata Kiunguja, huingiza andazi bila kuitaja benye, ingawa watoto wa Bukavu huijua kabla ya kujua kusoma.